Madirisha Sitini na Manne

29 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi mzima, ila nimechoka mpaka kope. Mkaza mjomba hajambo? Mwambie shuka aliyonipa bado ndiyo ninayojifunika. Na mama je? Nilimpigia simu juzi akasema "mimi mzima, usijali", akakata kabla sijauliza la pili, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Wewe simu huitaki, unasema jenereta ya zamani ilikula masikio yako miaka ishirini. Basi tuandikiane. Hapa ofisini wakiniona nabandika stempu wanacheka, lakini waache wacheke.

Mjomba, nina jambo. Unajua huu ni mwaka wa saba niko mbali, na sita kati ya hiyo nimechora vyoo vya majengo ya watu wengine. Hilo jengo jipya la madarasa hapo chuoni kwenu ndilo la kwanza lililo langu tangu msingi. Na bahati ikataka liangukie kwenye chuo ambacho mjomba wangu ndiye fundi wa matengenezo. Sijui nimshukuru nani.

Jengo halina kiyoyozi hata kimoja. Jioni mota zinafungua madirisha ya juu, hewa ya usiku inapita, kuta nene zinapoa. Asubuhi mota zinayafunga, na ubaridi unabaki ndani mchana kutwa. Vipimajoto vya kila ghorofa vinaniletea namba hapa kila wiki. Wakaguzi wamesema hivi: tangu Januari hadi Desemba, ndani kusizidi nyuzi ishirini na saba. Tukifaulu tunapewa cheti cha jengo la kijani. Cheti kikitoka, chuo kitajenga mengine manne kwa ramani hiyohiyo, na wa kuyasimamia ni mimi, na siwezi kuyasimamia nikiwa huku. Umenielewa, Mjomba? Narudi nyumbani.

Namba naziona, lakini namba hazina macho. Wewe uliye hapo niambie: madirisha yanafunguka?

Mpwa wako,
Rula

*

9 Machi

Rula wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki tatu, nadhani ilikuja kwa miguu. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako amefurahi kusikia habari za shuka, na anauliza shuka ya pili ya kumfunika mume itanunuliwa lini. Mimi simo, nafikisha ujumbe tu. Goti langu la kulia limeanza kusema kabla yangu kila nikisimama, ila hayo ni ya umri. Mama yako hajambo. Yuko palepale kwenye nyumba ya bibi yako, kuhama hataki hata kusikia. Anakusalimu sana. Barua zako anazifurahia.

Sasa jengo lako. Kwanza watu wanauliza ukijani uko wapi, maana lina rangi ya uji. Mlinzi wa getini anawaambia wageni kwamba rangi bado haijafika. Lakini wakiingia ndani wananyamaza. Profesa wa hesabu wa ghorofa ya nne, yule asiyewahi kusifia kitu tangu azaliwe, nimemkuta saa saba mchana amevaa sweta. Nikamuuliza, profesa, unaumwa? Akasema hapana, anaringa.

Asiyefurahi ni mkuu wetu wa idara ya majengo. Sisi tunamwita Bwana Kiyoyozi, kwa sababu kwake kila tatizo, hata paa likivuja, dawa ni kiyoyozi. Ofisini kwake anavyo viwili. Kila akipita nje ya jengo lako anautazama ukuta, anatafuta pa kutobolea. Yeye anasubiri likosee mara moja tu.

Madirisha yanafunguka kila jioni na yanafungwa kila asubuhi. Kwa hilo lala usingizi.

Nina swali dogo, la kitaalamu tu. Ikitokea madirisha yamefungwa saa mbili na nusu badala ya saa mbili kamili, vipimo vinaharibika sana? Na ni nani alikushauri uyaweke juu namna ile? Mtu akitaka hata kuyafuta vumbi ni shughuli.

Mjomba wako

*

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo tena, na pole na goti. Funga kitambaa cha moto, usijifanye kijana. Huku mvua haikatiki na ofisi ina taa mchana kutwa. Nakula nikiwa nimesimama. Mama namwandikia kila wiki mbili, lakini majibu yake yanakuja kwa mwandiko wako. Kalamu zimemwishia? Mwambie namtaka yeye, hata mistari miwili iliyopinda.

Jibu la swali lako: nusu saa si kitu. Saa nzima ndiyo shida, ukuta unaanza kunywa jua.

Mjomba, hizo namba! Machi yote, kwenye joto lenu hilo, ndani hakukuzidi ishirini na sita. Bosi wangu amezichapisha akazibandika ukutani. Na kilichomfurahisha kuliko vyote ni umeme. Mita ya mota za madirisha inasoma sifuri, wiki baada ya wiki. Tulijua zitakula kidogo, hatukujua zitakula kidogo kiasi hicho hata mita isione. Ameipigia mstari mwekundu. Kwa mara ya kwanza ananiita kwa jina mbele ya wageni.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua. Namba za joto zinaonyesha kwamba kila Jumapili madirisha yanachelewa kufungwa kwa saa nzima kamili. Jumatatu yanarudi sawa. Nimepekua programu siku tatu, mstari kwa mstari, sijaona neno Jumapili popote. Hebu nenda kwenye chumba cha mitambo uangalie ile bodi ya umeme kama taa yake ya kijani inawaka.

Mpwa wako,
Rula

*

2 Juni

Rula wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Huku joto limepungua kidogo, nasi tumepumua. Mama yako hajambo, amenituma nikuambie kwamba mistari iliyopinda aliiandika ya kutosha alipokuwa shule, sasa anapumzika. Mkaza mjomba wako amenuna. Anasema nimeolewa na chuo, natoka kabla ya chai na narudi taa zikiwa zimewashwa. Nimemwambia ni kazi. Amesema kazi niliyoajiriwa ina saa zake, hizo nyingine ni mapenzi, sasa nimtaje huyo mwanamke. Angemjua ana ghorofa nne!

Hilo la Jumapili usihangaike nalo. Labda hata mashine inachoka. Jumapili basi la wafanyakazi halipiti, kila kitu hapa kinachelewa saa moja, mpaka maji ya bomba. Bodi nimeiangalia. Iko ukutani.

Mimi nastaafu mwisho wa Novemba. Nimewaandikia waniongezee miezi miwili, mpaka Januari. Bwana Kiyoyozi akacheka, akasema mara ya kwanza anamwona mtu wa matengenezo anayelilia kazi. Nikamwambia nina kiporo nataka kukimaliza.

Ngazi za jengo lako ni ngapi kwenye ramani? Nauliza tu.

Mjomba wako

*

28 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo? Andiko fupi, nimechoka sana. Ngazi ni mia na kumi na mbili.

Majengo yale manne tumeshaanza kuyachora, hawasubiri hata cheti. Wanachukua ramani yangu wanaigeuza upande huu na upande ule, basi. Ni kama ndoto, ila ndoto ya mtu asiyelala. Nimeshamwambia mwenye nyumba kwamba Februari natoka. Nimeanza kugawa vyombo.

Ila Mjomba, miezi miwili ya nini? Una goti bovu, una mke anayekungoja, umefanya kazi miaka thelathini na minne. Kiporo gani hicho? Uliniambia taa ya bodi "iko ukutani". Nilikuuliza kama inawaka.

Mwambie mama nakuja.

Rula

*

19 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na huu ni mwezi wa pili unakwenda. Nilimpigia mama, akasema "mjomba wako yupo, anapumzika". Tangu lini wewe ukapumzika? Nikampigia mkaza mjomba, akasema "muulize mwenyewe", akashusha pumzi ndefu, akakata. Familia hii mmejifunza wapi kukata simu?

Basi nitakuambia mimi ninachokijua. Tarehe ishirini na nne Agosti jengo lilipanda mpaka nyuzi thelathini. Siku ya tatu thelathini na mbili. Likakaa hivyo wiki mbili. Ghorofa ya kwanza peke yake ilibaki ishirini na sita. Tarehe nane Septemba kila kitu kikarudi sawa, ila sasa madirisha yanafungwa polepole. Ghorofa ya kwanza saa moja na nusu, ya nne saa tatu kasoro. Kompyuta haijui kufunga polepole, Mjomba. Ama inafunga yote, ama haifungi.

Nikarudi kwenye mita ya mota. Nilikuwa naiangalia sifuri ile na kuringa nayo. Nimeitazama tangu mwanzo. Hadi tarehe kumi na tisa Februari mota zilikula umeme kidogo kila jioni na kila asubuhi, kama tulivyopanga. Kuanzia siku hiyo mpaka leo hazijala hata chembe. Si kwamba zinakula kidogo. Hazijageuka.

Nani anafungua madirisha?

Rula

*

6 Oktoba

Rula wangu,

Marahaba. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, mguu juu ya kiti, mkaza mjomba wako ananitazama kama polisi. Hatujambo, ukiondoa goti. Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wa yangu. Ni mimi.

Tarehe kumi na tisa Februari umeme ulikatika, uliporudi ulirudi kwa hasira. Ile bodi ya mota iliungua, ikatoa harufu ya plastiki ghorofa nzima. Nilikwenda kwa Bwana Kiyoyozi na fomu ya kuagiza nyingine. Hakuisoma. Alisema, "Vizuri. Basi tuweke viyoyozi tumalize maneno." Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mjukuu. Nikakunja fomu yangu, nikamwambia ngoja nijaribu kwanza kutengeneza. Siku ileile nilikuwa na barua yako mfukoni, imefika asubuhi. Narudi nyumbani, umeandika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilifungua mikono ya mota kwa spana, nikatengeneza upondo kwa bomba la maji, nikauwekea kulabu ya chuma. Madirisha sitini na manne, kumi na sita kila ghorofa. Jioni naanza chini nafungua, asubuhi naanza chini nafunga. Siku za mwanzo ilinichukua dakika arobaini. Jumapili hakuna basi, natembea, ndiyo hiyo saa yako iliyokutoa jasho siku tatu. Nisamehe kwa hilo. Nilicheka, kisha nikaona vibaya.

Hakuna aliyejua isipokuwa dada wa usafi. Tarehe ishirini na tatu Agosti goti liligoma kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, nikashuka nazo kwa mgongo, ndiye aliyenikuta. Nilipokuwa kitandani alijaribu kunishikia zamu, lakini ana jengo zima la kufagia. Aliweza ghorofa ya kwanza tu. Sasa nimerudi. Naenda polepole, lakini naenda.

Usilie. Usione vyaelea, vimeundwa. Bibi yako alifanya kazi hiihii kwenye nyumba yake miaka arobaini, jioni anafungua, asubuhi jua likigusa ukuta anafunga, na hakuna mkaguzi aliyekuja kumpa cheti.

Sasa nisikilize. Imebaki Oktoba, Novemba na Desemba. Kaa kimya. Zile wiki mbili waambie mitambo ilikuwa inafanyiwa matengenezo, si uongo, fundi ndiye aliyekuwa anatengenezwa. Chukua cheti, uje.

Na kuna jambo jingine, ambalo mama yako alinikataza kulisema. Ni macho. Presha ya macho, daktari anasema kilichokwisha kupotea hakirudi. Barua zako namsomea mimi, tangu mwaka juzi. Simu anakata upesi kwa sababu akiongea sana analia. Sasa hivi anaona mwanga, na mtu akisimama mlangoni anaona kivuli chake. Nilitaka uje wakati bado anakiona hata hicho kivuli. Basi. Ndiyo maana ya upondo.

Mjomba wako

*

30 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Pole na goti, na mwambie mkaza mjomba anisamehe, yeye ndiye aliyelala na maumivu yako. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimelia na nimekasirika, na sijui kipi kilitangulia. Mwaka juzi! Miaka miwili mnanisalimia kwa mkono wako, mnaniambia hajambo, hajambo. Nimechukia. Nikishamaliza kuchukia nitakushukuru, lakini si leo.

Kuna kitu nimekikumbuka. Likizo ile ya mwisho kabla sijaondoka niliipima nyumba ya bibi. Unene wa kuta, upana wa madirisha, urefu wa dari, yote niliandika kwenye daftari, na daftari hilo ndilo lililozaa jengo lenu. Asubuhi moja bibi alikuwa anapita mbele yangu anafunga madirisha, ufagio kwapani, nami nimeshika kamba ya kupimia. Nikamwambia, "Bibi, pisha kidogo, unaniziba." Akapisha. Nimepima nyumba nzima, Mjomba, nikamtoa mtu aliyekuwa anaifanya ipoe. Kisha nikaweka mota mahali pake, tena mota zinazokufa kwa siku moja.

Umeniomba nikae kimya. Siwezi. Si kwa sababu mimi ni mwema kuliko wewe. Ni hayo majengo manne. Madirisha mia mbili na hamsini na sita. Mota zake zitakufa vilevile, na hakuna mjomba wa kutosha duniani. Watu watakaa humo kwenye nyuzi thelathini na mbili, kisha wataweka viyoyozi kila chumba, na watasema majengo ya aina hii ni maneno matupu. Na wewe utaendelea kupanda ngazi hizo mpaka zikuue, ili mimi nipate karatasi.

Jana nimewaandikia wakaguzi, nikampa nakala bosi wangu. Nimesema yote, tangu tarehe kumi na tisa Februari. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua utasema nini.

Tafadhali usipande tena.

Rula

*

4 Desemba

Mpwa wangu,

Barua nimeipata. Hatujambo.

Nimestaafu tarehe thelathini. Wamenipa saa ya ukutani, mimi nisiye na pa kuwahi. Ile miezi miwili wamekataa, na baada ya barua yako sikuwa na cha kuwaambia. Bwana Kiyoyozi amekuja na watu wa kupima kuta, wamechora duara kwa chaki chini ya kila dirisha. Upondo nimeuacha nyuma ya mlango wa chumba cha mitambo.

Nilikuomba miezi mitatu tu.

Mama yako amekusalimu.

Mjomba wako

*

10 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma hii au utampa mkaza mjomba awashie moto. Natumaini hamjambo. Mimi mzima wa mwili.

Cheti hatukupata. Wakaguzi wameufuta mwaka mzima. Majengo manne yamesimamishwa. Bosi hakunifukuza, amenirudishia vyoo. Zile namba ameziondoa ukutani, imebaki alama ya gundi, naiona kila nikiinua kichwa. Vyombo nilivyogawa naona haya kuvidai, nanywea chai kwenye kopo la penseli. Hivyo Februari sirudi, sina kazi ya kunirudisha.

Wakaguzi wameandika jambo moja mwishoni. Tukitaka jengo lipimwe upya mwaka huu, tueleze kwa ukweli linahitaji nini ili lifanye kazi. Nimeandika kitabu cha matumizi, kurasa tisa, nimekituma chuoni. Sijui kama kuna atakayekisoma.

Una haki ya kunikasirikia. Mimi pia najikasirikia, kwa zamu.

Rula

*

13 Februari

Rula wangu,

Marahaba. Nilikukasirikia wiki kumi, na mkaza mjomba wako amesema wiki kumi zinatosha, anataka kula na mtu anayezungumza. Hatujambo. Goti limepoa kwa kukosa ngazi. Nimeongezeka tumbo.

Sasa sikia vituko. Kitabu chako kilifika, Bwana Kiyoyozi akakiweka chini ya kikombe chake. Lakini nakala nyingine ulimpelekea profesa wa hesabu, sijui nani alikufundisha ujanja huo. Tangu Desemba, mimi nilipoondoka, madirisha yamefungwa moja kwa moja, na profesa amevua sweta, amevua na tai. Wiki iliyopita kulikuwa na kikao. Profesa alisimama na karatasi moja. Upande mmoja ameandika umeme ambao viyoyozi vya jengo lile vingekula kwa mwaka, unazidi wa mabweni yote mawili ukiyajumlisha. Upande wa pili ameandika: mtu mmoja, upondo mmoja. Akaketi. Bwana Kiyoyozi akakohoa, akasema wazo hilo yeye alikuwa nalo tangu zamani.

Wameajiri mtu. Ni yule dada wa usafi, wamemtoa kwenye ufagio, kazi yake sasa ni madirisha na vipimo vyake, na ana kitambulisho shingoni. Aliniita nikamfundishe. Nilipofika nikaona ukurasa wa kwanza wa kitabu chako umebandikwa ukutani, pale ilipokuwa bodi iliyoungua. "Jengo hili linapozwa na mtu. Bila mtu huyo halifanyi kazi." Nilisimama pale muda mrefu kidogo. Yule dada akadhani sioni vizuri, akataka kunisomea.

Umeandika ngazi mia na kumi na mbili. Ni mia na kumi na nne. Zile mbili za mwisho juu kabisa umezisahau, na nakuhakikishia goti halikuwahi kuzisahau.

Kitabu chote nilimsomea mama yako, kurasa tisa, na barua yako ya Januari pia. Nilijaribu kuruka pale pa kusema hurudi, akaniambia, "Umeruka." Anasikia pumzi. Nikarudi nikasoma. Kisha akasema niandike hivi, neno kwa neno, nami naandika: "Mwambie mimi nilikuwa nasubiri mtoto. Sikuwa nasubiri cheti."

Jioni ile aliinuka akafungua madirisha ya nyumba, kwa kupapasa, moja baada ya jingine, kama mama yake. Nilitaka kumsaidia akanipiga mkono.

Kuhusu kivuli kile, bado anakiona, ila mchana tu. Siongezi neno.

Mjomba wako

*

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimepata barua yako leo, nami najibu leo.

Nimewaachia vyoo vyao. Kazi sina, cheti sina, vyombo sina. Kuhusu kazi tutaongea tukiwa tumekaa, mkaza mjomba akipenda. Nafika Jumamosi tarehe ishirini na mbili, saa sita mchana. Usije kunipokea, na goti lako hilo. Nitakuja mwenyewe hadi mlangoni, nisimame hapo kwenye mwanga, nikae nimesimama mpaka mama aseme ni nani.

Jioni afungue madirisha kama kawaida yake. Asubuhi asiamke mapema. Nitayafunga mimi.

Rula